Pesa ya wastaafu wa mbali ndani ya mashimo yetu: nani anaingiza, nani anatoka, na sisi tunabaki na nini?

Tarehe 13 mwezi wa tatu 2025, kampuni ya Alphamin ilitangaza kwamba inasimamisha kazi kwenye mgodi wake wa kasiterite wa Bisie, mu teritware ya Walikale, na kwamba inaondoa wafanyakazi. M23 ilikuwa inasonga mbele kuelekea Walikale-centre. Hapa kwetu Lubero kusini, ile habari haikupita kama habari ya mbali. Jamaa nyingi za Kirumba, Kayna na Kanyabayonga ziko na mtoto, ndugu ao shemeji aliyeshika njia ya Walikale kutafuta maisha: wengine mu kampuni, wengine mu mashimo ya mkono, wengine na biashara ya maharagi na mafuta. Kazi ikisimama kule, mwisho wa mwezi simu hailii hapa.

Kazi ilirudilia pole pole kuanzia tarehe 9 mwezi wa nne, kisha M23 kutoka Walikale-centre. Na mwezi wa sita, wakati watu wangali wanahesabu hasara, habari ingine ikatoka. Sehemu kubwa ya Alphamin, karibu asilimia 56, imeuzwa kwa kampuni ya Abu Dhabi inayoitwa International Resources Holding. Bei: karibu dola milioni 367. Muuzaji alikuwa Tremont Master Holdings, na nyuma ya Tremont kuna Denham Capital, kampuni ya Boston, Marekani.

Swali lilizunguka mu nyumba nyingi: mgodi uliofungwa juu ya vita mwezi wa tatu, namna gani mtu anauuza mamilioni ya dola mwezi wa sita? Na huyu Denham ni nani, yeye ambaye wachimbaji wengi hawajasikia jina lake hata siku moja?

Tunaandika leo juu ya ile pesa. Inatoka wapi, inaingia kwa mlango gani, inatoka kwa mlango gani, na inamaanisha nini kwa mtu anayeweka mwili wake ndani ya kazi.

Supporteur wa shimo na supporteur wa Boston

Mchimbaji yeyote anajua kazi ya supporteur. PDG iko na shimo, lakini hana pesa ya kulisha watu, kununua mbao za boisage, mashini ya kutoa maji, mafuta na mipira. Supporteur anatoa pesa. Shimo linaweza kukaa miezi mitano bila kutoa kitu. Supporteur anaendelea kulipa chakula, ao anachoka na kuacha. Siku shimo linafikia filon, yeye anarudisha kwanza mali yake, kisha wanagawana kufuatana na mapatano.

Sehemu yake haiuzwi sokoni. Hakuna mahali imeandikwa bei yake ya leo. Kama anataka kutoka katikati ya kazi, lazima atafute mtu mwingine wa kumpokea, na yule atataka bei ya chini. Njo maana tunasema pesa yake imefungwa.

Huko kwa wakubwa, mambo ni yale yale, sufuri ndizo zinaongezeka. Wanaita hiyo soko la kibinafsi, kwa sababu mali inanunuliwa na kuuzwa kwa mapatano ya watu wachache, nje ya soko la hisa la Toronto ao la Johannesburg ambako kila mtu anaona bei kila siku. Mara ingine kampuni yenyewe iko kwenye soko la hisa, kama Alphamin, lakini ile sehemu kubwa inayoamuru kampuni inashikwa na kuuzwa kwa mapatano ya pembeni.

Na pesa yenyewe ni ya nani? Kwa kawaida sio ya wale wanaotia sahihi. Ni ya mifuko ya pensheni ya walimu, polisi na wafanyakazi wa viwanda, ni ya makampuni ya bima, ya vyuo vikuu, ya serkali zenye mafuta ya petroli. Ile mifuko inaitwa wawekezaji wa taasisi. Mwalimu wa Marekani anakatwa sehemu ya mshahara kila mwezi. Atahitaji ile pesa kisha miaka 20 ao 30. Mfuko wake unaweza kungoja. Kwa hiyo unachukua sehemu ndogo ya mali na kuikabizi kwa kampuni kama Denham, inayojua kutafuta migodi, mashamba ao mitambo ya umeme.

Mapatano ya kawaida katika ile kazi ni haya. Mfuko unatoa pesa kwa miaka karibu 10. Msimamizi anachukua malipo ya kila mwaka, mara nyingi karibu asilimia 2, na faida ikipatikana anachukua karibu asilimia 20 yake. Kwa mufano, kwenye dola milioni 100, asilimia 2 ni dola milioni 2 kwa mwaka, hata kama mgodi haujatoa gramu moja. Njo sababu mifuko yenye akili inagombana sana juu ya malipo kabla ya kutia sahihi. Kisha ile miaka, msimamizi analazimishwa kuuza na kurudisha pesa. Kutoka ni sehemu ya mpango tangu siku ya kwanza.

Hapo tunapata jibu la kwanza. Yule aliyeuza Bisie mwezi wa sita hakukimbia vita tu. Alikuwa ndani karibu miaka 10. Wakati wake wa kutoka ulikuwa umefika, vita ao hapana.

Milango mine ya kuingilia

Wenye mifuko mikubwa hawaingii wote kwa mlango mmoja, na mtu wa mgodi anafaa kujua tofauti, kwa sababu kila mlango unaweka mtu mwingine mbele siku ya kugawana.

Mlango wa kwanza ni kununua sehemu ya kampuni. Ukinunua sehemu, unapata faida ikiwa kazi inaenda vizuri, na unapoteza yote ikiwa inakufa. Tremont aliingia Bisie kwa mlango huu.

Mlango wa pili ni kukopesha. Mkopeshaji hangojei faida, anangojea riba na mtaji wake. Mwishoni mwa 2017, ili kujenga mgodi wa Bisie, Alphamin ilipata mkopo wa dola milioni 80 kutoka kwa kundi la wakopeshaji wa kibinafsi. Benki za kawaida ni mara chache zinakopesha mgodi mu Walikale, pahali ambapo barabara yenyewe ilipaswa kujengwa kwanza. Wakopeshaji wa namna hii wanakubali hatari, lakini wanaomba riba ya juu na wanashika mali ya kampuni kama dhamana.

Mlango wa tatu ni kununua mavuno mbele. Mwekezaji anatoa pesa leo, na kampuni inamwahidi sehemu ya dhahabu ya miaka inayokuja kwa bei ndogo. Mkulima wa Kirumba anajua jambo hili: ni sawa kuuza maharagi ikingali maua. Unapata pesa ya kulipa masomo, lakini siku ya mavuno gunia si lako tena.

Mlango wa ine ni kuingia moja kwa moja, bila msimamizi katikati. Industrial Development Corporation, shirika la serkali ya Afrika Kusini, linashika karibu asilimia 11 ya kampuni inayotumikisha Bisie. Serkali yetu ya Kongo inashika asilimia 5. Hawa wanakaa mezani wenyewe.

Bisie: pale ilikwenda vizuri

Kasiterite ya Bisie ilianza kuchimbwa kwa mkono karibu 2002. Maelfu ya watu walipanda ule mlima, na mizigo ilitoka mgongoni mwa watu kupitia msitu. Askari na vikundi vya silaha vilikula pale miaka mingi. Mwezi wa tisa 2010, Raisi Kabila alisimamisha uchimbaji wa mkono katika Kivu zote mbili na Maniema. Kizuizi kiliondolewa mwezi wa tatu 2011. Kampuni ilipata haki ya kuchimba mwaka wa 2015, na mgodi wa kisasa ulianza kutoa mali ya biashara mwezi wa tisa 2019.

Mwaka wa 2024, Bisie ilitoa tani 17 324 za bati, karibu asilimia 6 ya bati yote ya dunia. Bati njo inaunganisha vyuma vidogo ndani ya simu na ordinatere. Ukijua vile, unaelewa juu ya nini mtu wa Abu Dhabi anaweza kununua mgodi ulio karibu na vita. Kampuni ile ile, mwaka wa 2024, ilikwisha kununua asilimia 51 ya migodi ya shaba ya Mopani, Zambia, kwa dola bilioni 1,1. Inaweka mali mu nchi nyingi na mu madini mengi. Moja ikifungwa, ingine inatoa.

Kwa hiyo waliongojea miaka 10 walipata yao. Alphamin imeahidi pia kutoa asilimia 4 ya gharama zake za uendeshaji kwa jamii za pale kupitia fondasio ya Lowa Alliance. Lakini tusisahau kundi moja ambalo haliko mu hesabu ya faida: wale waliochimba mlima kwa mkono kabla ya kampuni kuja. Wao walionyesha dunia nzima kwamba pale kuna mali. Hawakuwa na karatasi ya sehemu, na siku ya dola milioni 367 hakuna aliyewaita.

Banro: pale ilikwenda vibaya

Tusimame pia Kivu ya Kusini na Maniema. Kampuni ya Banro, ya Canada, ilitoa dhahabu ya kwanza Twangiza, mu teritware ya Mwenga, mwaka wa 2011. Mwaka wa 2012 ilikopa dola milioni 175 kwa riba ya asilimia 10, ili kujenga mgodi wa pili wa Namoya. Hesabu ni nyepesi: dola milioni 17 na nusu za riba kila mwaka, kabla ya kulipa mafuta, mshahara na kodi.

Kisha bei ya dhahabu ilianguka mwaka wa 2013, na Namoya ikachelewa. Ili kupata pumzi, Banro iliuza mbele dhahabu iliyokuwa ingali chini ya udongo. Kati ya waliotoa pesa kulikuwa Gramercy, msimamizi wa mifuko kutoka Marekani, na baadaye kampuni ya Baiyin ya China ikaingia pia. Kila mwaka sehemu ya mavuno iliyobaki kwa kampuni yenyewe ilipunguka. Kuongeza juu ya ile, mashambulio yalifunga barabara na kuchoma magari.

Mwezi wa kumi na mbili 2017, Banro ilikimbilia ulinzi wa tribinali ya Ontario. Mwaka wa 2018 ilitoka pale ikiwa mali ya Baiyin na Gramercy, wakopeshaji wake. Wenye sehemu wa zamani, wale waliokuwa wamenunua kwenye soko la Toronto na New York, walipoteza yote. Mwezi wa tisa 2019, kazi ya Namoya ikasimama juu ya ukosefu wa usalama.

Linganisha ile migodi miwili. Yote ni ya mashariki ya Kongo, yote ilisumbuliwa na vita, yote ilijengwa kwa pesa ya kibinafsi. Sababu za tofauti ni nyingi, na utajiri wa jiwe ni moja. Lakini deni la Banro lilikuwa zito kupita nguvu za mgodi, na riba haikungoja mvua wala vita. Mwenye sehemu anaweza kuvumilia mwaka mbaya. Mkopeshaji hana ile subira.

Mfuko mkubwa unaweza kupoteza, jamaa haiwezi

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa. Mfuko wa pensheni wa mbali ukiweka pesa mu Kongo, unaweka kipande kidogo. Msimamizi anakigawanya mu makampuni kumi ao kumi na tano. Anajua tangu mwanzo kwamba mawili ao matatu yatakufa. Yale yanayofaulu yatalipa hasara.

Jamaa ya Kirumba inafanya kinyume. Baba iko mu shimo moja. Mtoto mkubwa anasukuma moto kwenye barabara ya shimo lile lile. Mama anauzisha chakula kwa wachimbaji wa pale pale. Deni kwenye duka limeandikwa kwa jina la shimo lile. Siku moja likianguka, ao vita ikifika, kila mlango unafungwa saa moja. Tuliona vile mwisho wa mwezi wa sita 2024, wakati Kanyabayonga kisha Kirumba zilianguka: watu walishika njia ya Lubero na Butembo na godoro kichwani, na waliokuwa na mali yao yote pahali pamoja waliiacha pahali pamoja.

Hata serkali zenye nguvu zinaogopa mali iliyofungwa. Mfuko wa mafuta wa Norway ni kati ya mikubwa kupita yote duniani. Mwaka wa 2024 serkali yao ilikataa tena kuuruhusu kununua sehemu za makampuni yasiyo kwenye soko la hisa. Sababu walizotoa zinagusa malipo ya wasimamizi na ugumu wa kuona wazi mambo ya ndani. Kenya ilichagua njia ya katikati: mfuko wa pensheni unaweza kuweka hadi asilimia 10 tu ya mali yake katika makampuni ya namna hii. Yaani hata anayekubali hatari anaiwekea mpaka.

Na mifuko yetu iko wapi?

Sisi pia tuko na taasisi. Ya kwanza ni CNSS. Kwa mfanyakazi mwenye mkataba, asilimia 5 ya mshahara inakatwa kwa ajili ya pensheni, na mwajiri anaongeza asilimia 13 kwa pensheni, posho ya jamaa na hatari za kazi. Tuseme mshahara ni dola 400: dola 20 zinatoka kwako, dola 52 kwa mwajiri. Jumla dola 72 kila mwezi. Hiyo ni pesa yako ya uzee na ya ajali. Kama ilikatwa kwenye fiche lakini haikufika CNSS, utaijua siku mbaya, mbele ya gishe.

Ya pili ni FOMIN, Mfuko wa madini kwa vizazi vijavyo. Code minier ya 2018 inasema kodi ya madini, ile redevance, inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serkali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la pale mgodi upo, na 10 kwa FOMIN. Kasiterite na dhahabu zinaisha. FOMIN imewekwa ili sehemu ya mali ibaki kwa watoto ambao hawatakuta jiwe. Code ile ile inadai kampuni itoe asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii za pale.

Kwa hiyo mtoto wa Kirumba naye ni mwenye mali, kwenye karatasi, kama mwalimu wa Marekani. Tofauti ni kwamba mfuko wa yule mwalimu unatoa kila mwaka ripoti inayoonyesha umeweka pesa wapi na umepata ngapi. Kuomba hesabu ya namna hiyo kwa CNSS na FOMIN si matusi kwa mtu. Ni haki ya mwenye pesa.

Yale jamaa inaweza kufanya

Hatuna dola milioni 367. Lakini kuna mambo ambayo wakubwa wanafanya, na jamaa inaweza kuyafanya kwa kipimo chake.

Kwanza, karatasi. Siku kampuni inauzwa ao inafungwa, anayelipwa ni yule mwenye ushuhuda. Sheria za OHADA, ambazo Kongo iliingia mwaka wa 2012, zinaweka sehemu ya mishahara mbele ya madeni mengi kampuni ikianguka. Lakini mshahara bila mkataba ni maneno tu. Mkataba, fiche za mshahara na namba ya CNSS viwekwe nyumbani, na foto yake ndani ya simu ya mke ao ya mtoto mkubwa, sio yote mu kambi ya mgodi. Wale wa sous-traitance waangalie mara mbili: jina lililo kwenye fiche njo mwajiri wao, hata kama kofia iko na jina la kampuni kubwa.

Pili, mapatano ya shimo yaandikwe. Supporteur anarudisha nini kwanza? Tunagawana kabla ao kisha kutoa gharama? Akiuza sehemu yake kwa mtu mwingine, mapatano yetu yanaendelea? Maswali hayo matatu ni yale yale wanasheria wa Boston na Abu Dhabi wanaandika kwenye kurasa mia mbili. Kwetu ukurasa moja unatosha, na sahihi ya mashahidi wawili, ao ya viongozi wa koperative.

Tatu, usiweke yote mahali pamoja. Sehemu ya pesa ya mgodi iende mu jambo ambalo halitegemei mgodi: shamba la viazi, mbuzi, masomo, likirimba ya mama, AVEC ao koperative ya akiba yenye vitabu vinavyosomwa mbele ya wote. Kenya imeweka mpaka wa asilimia 10 kwa mali iliyofungwa. Jamaa yetu haiwezi kufikia pale, kwa sababu shimo njo linalisha. Lakini kutoka mia kwa mia hadi sabini, hiyo inawezekana kidogo kidogo.

Ine, ogopa deni lenye riba isiyongoja. Kama Banro ilishindwa na asilimia 10 kwa mwaka, mchimbaji anayekopa kwa asilimia 20 kwa mwezi anajichimbia shimo ingine. Na anayeahidi kuongeza pesa yako mara mbili kwa wiki chache usimpe hata franga. Wazee wanakumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, mwaka wa 1991, na namna watu walibaki wanalia mbele ya milango iliyofungwa.

Mwisho, uliza mpango wa kutoka. Mwekezaji yeyote anayekuja, awe wa Goma, wa Butembo ao wa Abu Dhabi, iko na siku yake ya kuondoka. Delegasio ya wafanyakazi, sendika na wakubwa wa koperative wana haki ya kuuliza mbele: siku mtauza, mikataba yetu itaendelea na mnunuzi? Ahadi za shule na barabara zitafuata mgodi ao zitafuata ninyi? Jibu likiandikwa kabla ya kuuza, liko na nguvu. Kisha kuuza, muuzaji amekwisha kupanda ndege.

Bisie imepata mwenyeji mupya, na itapata mwingine tena. Wale wanaoshuka ndani ya udongo hawabadiliki haraka vile. Jioni ya leo, yule aliye na ndugu mu mgodi amutumie ujumbe mmoja: mkataba wako uko wapi, na namba yako ya CNSS ni ngapi?